Kufundisha kuimba umri ukisonga: maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu kupunguza wanafunzi

Nafundisha kuimba hapa Mombasa, chumba cha mbele nyumbani kwangu Tudor, na tangu nipunguze wanafunzi naulizwa maswali yale yale na walimu wenzangu wa umri wangu, wanakwaya, wazazi, hata waimbaji wa taarab ambao siku hizi wana vijana wanaowafundisha. Nimeona niyajibu yote mahali pamoja. Nitasema ninavyoona mimi, na kama wewe kazi yako iko tofauti kidogo basi chukua linalokufaa.

Kupunguza wanafunzi si ndo kustaafu kwenyewe, ila tu kwa polepole?

La. Anayestaafu anaacha kazi, anayepunguza anachagua kazi gani aifanye vizuri na ile miaka na nguvu zilizobaki. Huku kwetu pwani hatujawahi kuona ajabu mzee kuimba, Bi Kidude wa Zanzibar aliendelea kuimba akiwa mkongwe kabisa mpaka karibu na kufariki kwake Aprili 2013, na pia alikuwa mwalimu wa unyago, kwa hivo mtu mzima mwenye sauti ya uzee na bado anafundisha tunamjua na tunamheshimu. Kinachotushinda ni ratiba ya kijana kwenye mwili wa mzee. Hiyo ndo ya kubadilisha.

Nianze kwa kupunguza nini? Wanafunzi wangapi niwaachishe?

Hapa ndo nataka unisikilize sana, manake kila mtu anaanza kwa kuhesabu vichwa na mimi naona vichwa vinakuja mwisho. Chukua daftari, wiki mbili hivi, kila jioni andika umefanya nini siku hiyo na ni saa ngapi sauti ilianza kukwaruza au miguu ilianza kukuuma au ukaanza kumjibu mtoto wa watu kwa ukali bila sababu. Utashangaa. Mara nyingi mwanafunzi hana makosa. Ni ile safari ya kutoka Tudor mpaka Nyali kumfundisha mtoto mmoja nusu saa halafu kurudi ukakwama darajani jioni, ama kwenda Likoni na kusubiri feri na jua la saa tisa. Ni kufundisha watu watano mfululizo bila kunyamaza. Ni kueleza jambo lile lile la pumzi mara tano kwa siku moja, tena kwa sauti ya juu manake feni inapiga kelele na tuktuk zinapita nje.

Mwalimu wa kuimba anachoka kwa kuongea kuliko kuimba. Ukiimba unatumia pumzi, umesimama vizuri, koo limefunguka. Ukieleza eleza unaongea ovyo kutoka kooni, unakohoa kidogo kusafisha koo, na huko kukohoa ndo kunazigonga zile nyuzi za sauti zinazidi kuvimba, halafu unataka kukohoa tena.

Kwa hivo mimi naanzia hapo: la kwanza safari, la pili maneno, la tatu mpangilio wa siku, halafu sasa ndo hesabu watu. Walimu wengine wakimaliza hayo matatu wanakuta hawana haja ya kuachisha watu wengi walivyodhani.

Hayo maneno nitayapunguzaje na kazi yenyewe ni kueleza?

Rekodi. Keti siku moja asubuhi sauti ikiwa nzuri, kabla joto halijapanda, urekodi kwenye simu yale mazoezi unayowapa watu wote: kupasha sauti moto, kutetemesha midomo, kupanda na kushuka noti tano, kuvuta pumzi bila kuinua mabega. Klipu fupi fupi, dakika mbili tatu kila moja. Mwanafunzi akija anakuwa ashazifanya nyumbani na wewe unasikiliza tu. Ukitaka kumrekebisha gusa kibodi, onyesha kwa mkono, mwoneshe kwenye kioo. Kioo kikubwa ukutani kinasema mambo mengi kuliko mimi, mtoto akijiona anainua kidevu kwenye noti ya juu anakishusha mwenyewe.

Na weka robo saa ya kimya katikati ya somo na somo. Kimya kweli, usiitumie kupiga simu. Maji, si chai kali. Kama una AC kumbuka inakausha hewa, feni ya pembeni ni afadhali, na hewa yetu hii ya pwani yenye unyevu kwa koo ni neema.

Sauti yangu imeshuka na inatetemeka, kweli nina haki ya kufundisha mtu?

Unayo, na tena kuna watu wanakuhitaji wewe kuliko wanavyomhitaji kijana. Ila lazima ujue nini kinatokea ili usijilaumu. Umri ukienda, gegedu za koo zinaanza kuwa ngumu kama mfupa, misuli ya nyuzi za sauti inapungua unene na wakati mwingine nyuzi hazikutani sawasawa, ndo unasikia hewa inapita ndani ya sauti. Utando wake unakauka zaidi. Mapafu nayo hayabebi kama zamani, ile sentensi ndefu uliyoiimba kwa pumzi moja sasa inataka mbili. Wanawake baada ya hedhi kukoma sauti inashuka, wanaume wengi yao inakuwa nyembamba na inapanda kidogo. Hayo ni maumbile.

Lakini sauti iliyokwaruza mfululizo zaidi ya wiki nne usiseme ni uzee, nenda ukaonwe na daktari wa masikio, pua na koo aingize kamera aangalie. Na kama kuna maumivu, shida ya kumeza, uvimbe shingoni au damu usisubiri hizo wiki nne. Kiungulia pia kiangaliwe, asidi ikipanda usiku inachoma koo na mtu anaamka asubuhi na sauti ya besi akidhani ni baridi ya feni.

Sasa hao wanaokuhitaji. Kuna mama mmoja, soprano (sauti ya juu ya wanawake) wa kwaya ya kanisa miaka na miaka, alikuja kwangu machozi yakiwa karibu, amehamishwa kwenda alto, ile sauti ya chini yake, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Nikamkalisha karibu na kibodi, nikampa glasi ya maji nusu na mrija, nikamwambia apulize huku anatoa sauti, apande noti moja moja. Vipovu vinachemka vizuri, vinachemka, halafu akifika juu vinakatika. Mahali pale pale kila mara. Nikashusha ufunguo wa wimbo toni mbili, vipovu vikarudi sawasawa mpaka mwisho wa mstari. Akautoa mrija mdomoni akaniambia, “Mwalimu, kumbe sauti ipo!” Ipo, mama. Imeshuka tu, na huko chini ina uzito ambao hukuwa nao ukiwa na miaka thelathini. Yule nilimwelewa manake na mimi yamenipitia. Mwalimu wa miaka ishirini na tano angempa mazoezi ya kulazimisha zile noti za juu na wangeumizana.

Nibaki na wanafunzi gani?

Wengi watakwambia baki na wanaolipa vizuri. Wengine watasema baki na wenye vipaji. Mimi sikubaliani na wote wawili.

Baki na wanaofanya mazoezi nyumbani, hilo la kwanza, manake asiyefanya mazoezi kila wiki unamwanzisha upya na nguvu zako zinaishia hapo. Baki na ambao sauti zao ziko njiani kubadilika: mvulana aliyevunja sauti, ambaye watu wanamcheka na anataka kuacha kuimba kabisa, na mama wa kwaya kama huyo niliyemtaja. Hawa wakipata mtu wa papara wanaharibika. Na baki na mmoja asiyeweza kulipa. Mmoja, si sita. Mwambie wazi nafasi yake ni ya kudumu muradi anafanya kazi, usimfanye ajihisi mzigo.

Aliye katikati ya maandalizi ya mtihani usimkate. Kama mtoto anajiandaa na gredi za ABRSM, ile bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, mfikishe afanye gredi hiyo kwanza ndo mzungumze. Na kama yuko gredi ya 5 mkumbushe mzazi kwamba bila kupita ile nadharia ya gredi ya 5, au mbadala wake unaokubalika, hawezi kuingia mtihani wa kuimba wa gredi ya 6, ili mwalimu mpya asije akaanza naye kwa kukwama.

Nawaambiaje bila kuvunja mioyo?

Mapema, kwa ana kwa ana kama inawezekana, halafu meseji ifuate ili kusiwe na nilisikia hivi nilisikia vile. Usijieleze sana. Ukianza kueleza magonjwa yako yote mzazi anaanza kukuonea huruma na kesho kila mtu Tudor anasema mwalimu mgonjwa. Mimi meseji yangu ilikuwa karibu hivi:

“Habari za jioni mama. Kuanzia muhula wa Mei nitafundisha siku tatu kwa wiki, hapa nyumbani pekee. Nafasi ya binti ipo Jumanne saa kumi jioni. Ada itakuwa 1,500 kwa somo, inalipwa mwanzo wa muhula. Kama saa au ada haitawafaa nitawakutanisha na mwalimu mwingine ninayemwamini na nitakaa naye somo la kwanza. Naomba jibu kabla mwezi huu haujaisha. Ahsante kwa kuniamini na mtoto.”

Angalia, sikumfukuza mtu. Nimeweka siku, mahali na ada, na watu wenyewe wanajipanga. Baadhi wataondoka kwa sababu ya umbali, baadhi kwa sababu ya ada, na wanaobaki wamechagua kubaki.

Huyo mwalimu mwingine nitampata wapi?

Mara nyingi unaye tayari. Ni yule mwanafunzi wako wa zamani anayeongoza sauti kwenye kwaya, au yule kijana wa kaswida mwenye sikio kali na subira. Mwite akae kwenye masomo yako muhula mmoja aone unavyofanya, umlipe kitu kidogo. Usimdai asilimia ya ada za wanafunzi uliompa baadaye, hilo nalipinga kabisa, ukishampa umempa. Na usimpigie mzazi kila wiki kuuliza huyo mwalimu mpya anaendeleaje.

Hesabu ya pesa je? Mimi nakula kwa hii kazi.

Tufanye hesabu ya mfano, weka namba zako. Una wanafunzi 20, kila mmoja somo moja kwa wiki, KSh 1,000. Hiyo ni 20,000 kwa wiki, 80,000 kwa mwezi wa wiki nne. Ila kati yao 8 unawafuata majumbani na kila safari ya kwenda na kurudi inakula 400, yaani 3,200 kwa wiki, 12,800 kwa mwezi. Kumbe unabaki na 67,200, na hapo bado hujahesabu masaa ya barabarani ambayo hakuna anayekulipa.

Sasa baki na 10, wote waje kwako, somo 1,500. Ni 60,000 kwa mwezi. Pengo ni 7,200. Ongeza darasa moja la kikundi Jumamosi asubuhi, watu 6, kila mmoja 500, ni 3,000 kwa wiki, 12,000 kwa mwezi. Umefika 72,000, umepita pale ulipokuwa, na masomo 20 yamekuwa 11. Siyo kila mtu hesabu itamwendea hivi, kuna mitaa ambayo 1,500 haisemeki, lakini ifanye kwa karatasi kabla hujasema haiwezekani. Wengi wanaoniambia haiwezekani hawajawahi kuhesabu nauli.

Na uache kulipwa somo kwa somo. Lipwa muhula, masomo kumi pamoja, M-Pesa kabla ya somo la kwanza. Asiyekuja bila kutoa taarifa siku moja kabla, somo limekwenda. Ukiwa na wanafunzi 20, mmoja asipokuja humjali, ukiwa na 10 kila anayekosa unamsikia mfukoni. Ugonjwa na msiba tunasameheana, hiyo haihitaji kuandikwa.

Kupandisha ada si ni kuwafungia mlango watu wa chini?

Swali hili linaniuma na ndo sababu nina ile nafasi ya asiyelipa na lile darasa la kikundi. Lakini mwalimu anayelipisha kidogo mpaka anaumwa na kuacha kabisa amewafungia mlango wote, wa juu na wa chini.

Darasa la kikundi si halina faida kama la mtu mmoja mmoja?

Kwa watu wazima lina faida sana. Wanasikilizana, wanaona kwamba si yeye peke yake anayekosa pumzi, na mimi naongea mara moja kwa watu sita. Watoto wadogo sana siwaweki. Sita ni mwisho wangu, wakizidi siwezi kumsikia kila mmoja na hapo inakuwa kwaya.

Kufundisha kwa intaneti je, si ndo rahisi kwa mtu mzima?

Rahisi kwa miguu. Kwa masikio ni kazi. Sauti inachelewa kidogo njiani, kwa hivo hamwezi kuimba pamoja wala huwezi kumpigia kibodi yeye akaimba juu yake, mtapishana tu. Njia yake ni hii: unamtumia muziki mapema, anaupiga upande wake, anaimba, wewe unasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kwenye Zoom mwambie awashe ile sehemu ya sauti asilia (Original Sound), manake programu ikisikia noti ndefu inadhani ni kelele inaikata. Avae heidifoni.

Nafanya hivo kwa wachache walioko mbali ambao tulishafundishana ana kwa ana kwanza, nawajua walivyosimama na wanavyopumua. Mwanafunzi mpya kabisa siwezi kumwanza kwenye skrini, simwoni mbavu. Kati ya somo na somo, sauti ya WhatsApp ya dakika moja inatosha, ananitumia mstari mmoja unaomsumbua, namjibu nikipata nafasi.

Na masikio yangu? Naona kama wanafunzi siku hizi wanaimba chini chini.

Kapime. Usikivu wa uzee unaanza kupotea kwenye sauti za juu, zile s na f za maneno na ule mng'ao wa juu wa sauti, na mwalimu anaanza kumlazimisha mtoto aongeze sauti kumbe mtoto yuko sawa. Hilo ni hatari kwa koo la mtoto. Kama sikio moja ni zima zaidi, mwanafunzi asimame upande huo. Kifaa cha kusikia kina mpangilio wake kwa ajili ya muziki, mwambie anayekiweka kwamba wewe ni mwalimu wa kuimba.

Bima na akiba?

Fupi tu. SHA, bima ya afya ya serikali hapa Kenya, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya na haushuki chini ya 300 kwa mwezi, na sisi tusio na mwajiri tunalipa ya mwaka mzima. Kwa hivo weka pembeni kidogo kila muhula usije ukashtukia. Na kabla hujapunguza mwanafunzi hata mmoja uwe na akiba ya kula miezi mitatu, manake muhula wa kwanza wa mabadiliko huwa unayumba.

Mwaka mzima nifundishe sawa sawa?

Mwaka wa mwimbaji Mombasa hauko sawa, kwa nini wewe uwe sawa? Mashindano ya muziki ya shule yana msimu wake kabla ya fainali za kitaifa, kwaya zinawaka kuanzia Oktoba kwa ajili ya Krismasi, Ramadhani wanafunzi wangu Waislamu wamefunga na koo limekauka, kwa hivo tunahamia usiku baada ya tarawehe au tunapumzika mwezi mzima. Panga mapumziko yako hapo hapo. Mimi Ramadhani siku hizi nafundisha wachache sana, na Januari narudi taratibu baada ya fujo za Desemba.

Watoto wangu wanataka niache kabisa, wanasema watanilea.

Washukuru, wanakupenda. Halafu waite siku moja wakae kimya kwenye kona wakati unafundisha. Wengi wao tangu wakue hawajawahi kukuona kazini, wanakuona ukirudi umechoka tu. Na kubaliana nao jambo moja la kweli, mfano usifundishe baada ya saa kumi na mbili jioni, na ulishike. Wangu waliacha kulalamika walipoona ratiba ukutani inafuatwa.

Nimeshapunguza, sasa watu wapya wanapiga simu na kukataa nashindwa.

Weka orodha ya wanaosubiri, jina, umri, anataka kuimba nini. Mwambie “nafasi ikitokea nitakupigia, na ukitaka kuanza sasa hivi kuna mwalimu fulani”, umpe namba ya yule uliyemlea baada ya kumwomba ruhusa mwenyewe. Usiseme “wacha nione nitakavyofanya”, manake hapo ushakubali, na Jumanne ijayo yuko mlangoni. Atakayekuja na barua ya padri au salamu za shangazi yako anajibiwa vile vile, kwa upole, na chai anapewa.